Fonti ipo, programu inasema haipo

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu, maana hili jambo limenilia siku mbili.

Kazi yangu kupanga kurasa. Juzi mwenzangu ambaye kompyuta yake iko kwa Kijerumani kanitumia faili, nafungua kwangu kwenye Kiingereza, programu inaniambia mtindo wa "Fett" haupo. Fett ndo mdudu gani? Fonti, yaani ule muundo wa herufi, ninayo, herufi nzito ninazo, kumbe ndo hizohizo, Fett ni nzito kwa Kijerumani! Programu ikajichagulia fonti nyingine bila hata aibu, vichwa vikavimba, mistari ikasukumana, kurasa 12 zikawa 13.

Nikaanza kuchimba. Kumbe ndani ya fonti kuna jedwali la majina, na jina moja linaweza kuandikwa kwa lugha kibao. Ile Arial ya Windows, mtindo mzito tu utakuta Fett, Gras, Negrita, Grassetto, halafu Kinorwe wameandika Halvfet, yaani kama "nusu nene", wakati namba ya uzito wake ndani ya fonti ni ileile 700 ya nzito kamili. Sasa programu ikijitia kukisia maana ya neno si itakupa mtindo mwingine kabisa?

Sipingi tafsiri jamani, mtu asome menyu kwa lugha yake, na Kiswahili kikiingia humo mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia. Shida ni programu kuchukua jina lililowekwa kwa ajili ya macho ya mtu halafu kulisevu kwenye faili kana kwamba ndo kitambulisho, wakati fonti hiyohiyo ina jina la PostScript, yaani jina la kiufundi la kusomwa na mashine, mfano Arial-BoldMT, halina nafasi katikati wala halijali umeweka lugha gani, na namba ya uzito nayo imo humohumo, 400 kawaida, 700 nzito. 700 haina Kijerumani.

Mwishowe ilibidi mwenzangu ageuze kompyuta yake yote iwe Kiingereza, achague upya mtindo kwenye kila kichwa, asevu, atume tena, ndo ikafunguka vizuri. Yote hayo kisa neno moja.

Watengeneza programu, tafsirini kwenye menyu mpaka mchoke, ila kwenye faili tuwekeeni jina la PostScript.

Mpanga kurasa