Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kikomo cha bei cha mvinyo tunaoonja klabuni kwetu kimebaki shilingi 25,000 kwa chupa ya mililita 750, ingawa wapo waliotaka kipandishwe. Nilipinga na bado napinga. Anayetaka chupa ya laki moja, hoteli za Masaki zipo. Sisi tunatafuta chupa ambayo mtu anaibeba Ijumaa akitoka kazini bila kugusa ada ya shule ya watoto.

Mwaka huu tuliacha kuonja huku tukisoma lebo. Chupa zilifungwa gazeti kuanzia shingoni hadi kitako, maana hata bega la chupa linatoa siri: lililosimama mara nyingi ni Cabernet au Merlot, linaloteremka taratibu huenda ni Shiraz au Pinotage, zote aina za zabibu nyekundu. Karatasi ya alama 20 tumeiacha ilivyo: rangi 3, harufu 7, mdomoni 10. Baada ya magazeti kufunguliwa, wapenzi wa lebo za Afrika Kusini walikuta wameupa mvinyo wa Dodoma alama za juu, na watetezi wa Dodoma wakakuta wameusifia wa Stellenbosch, huko huko Afrika Kusini. Kelele zilikuwepo, lakini hakuna aliyeomba karatasi yake irudishwe.

Kilichovuruga alama zetu kuliko bei ni joto la chupa. Wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba wana maana ya chumba cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Sinza mwezi Februari inapita 30. Katibu alituwekea chupa mbili za mvinyo uleule bila kutuambia, moja imekaa friji nusu saa, nyingine imetoka kabatini. Ya kabatini iliandikiwa “inachoma pua” na “dawa ya kikohozi”. Pacha wake akasifiwa, na wawili wakaandika kwamba ananukia zambarau. Ukipata joto, mvinyo hutanguliza kilevi puani na matunda yanajificha. Kamati imeamua kwamba nusu saa ya friji sasa ni kanuni. Msizidishe, kwani baridi kali nayo huua harufu na kuongeza ukakasi.

Suala la utamu bado halijatulia. Mvinyo mtamu hushinda kwenye funda la kwanza, halafu nyama choma ikifika mezani chupa inabaki nusu. Mkavu, yaani usio mtamu, wenye ukakasi hupewa alama ndogo ukionjwa peke yake, lakini mafuta ya mbuzi yakishaingia mdomoni ukakasi unalainika na chupa inakwisha kabla ya ndizi. Kwa hiyo naona orodha yetu ya washindi inasema uongo kidogo. Napendekeza tuwe na orodha mbili, ya mitamu na ya mikavu, na kila chupa ipewe alama mara mbili, kabla ya chakula na wakati wa chakula. Zabibu ya Makutupora itufae kwa jaribio hilo: ni ya Dodoma kwetu, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake upo mtamu na upo mkavu. Mnunuzi asome lebo vizuri kabla ya kulipa.

Fedha: hatuna deni. Risiti zote ziko kwa mweka hazina, ambaye ameomba kupumzika. Majina ya wanaotaka nafasi yapelekwe kwa katibu.

Mabaki yanayochukuliwa nyumbani yafungwe na kuwekwa friji, yanywewe ndani ya siku tatu. Baada ya hapo msitulaumu. Wanaoendesha gari wateme kwenye ndoo, kwani iliwekwa kwa kazi hiyo, au waje na bajaji.

Vikombe vya plastiki havitatumika tena, vinaua harufu. Kila mwanachama aje na glasi yake, na anayekuja kwa bodaboda aifunge kwenye taulo.

Mwenyekiti