Barua kwa mwanangu: lile swali lako la mayai

Mwanangu mpendwa mama, salamu kutoka huku mwaloni. Sisi wazima, ziwa tu ndo limechafuka, upepo wiki nzima.

Unakumbuka ukiwa P2, darasa la pili, uliniuliza mbona vile vindege vitwitwi vinavyokimbiakimbia matopeni karibu na nyavu za mukene, wale dagaa, hatujawahi kuona mayai yao hata siku moja? Nikakujibu wanataga ndani ya mafunjo. Nilikudanganya mama, sikujua, na hiyo kitu imenikaa moyoni hadi juzi nimebeba mwongozaji mmoja wa watalii wa ndege kwenye boti yangu akanieleza vizuri.

Hawatagi Uganda kabisa! Wale wadogo sana wenye miguu myeusi wanataga kaskazini kwenye baridi, kuanzia Norway huko juu mpaka Siberia, mwezi wa sita barafu ikiyeyuka na jua halizami usiku. Fikiria, ndege wa gramu 25 hivi, nusu ya yai la kuku, anatoka hapa Entebbe anafika huko. Na mti wa kujengea hakuna, ni nyasi fupi na maji tu, kwa hiyo anabonyeza shimo dogo chini kwa kifua chake, anatandika majani makavu, basi. Anataga mayai manne, yamechongoka upande mmoja, anayapanga ncha zote ziangalie katikati ili yabanane chini ya tumbo yasipoe. Hayo manne ukiyapima yanakaribia uzito wake mwenyewe, mi hapo nilinyamaza kabisa.

Halafu sikia hii, mara nyingi jike anamwachia dume mayai ya kwanza alalie peke yake, yeye anaenda kutaga mengine manne analalia mwenyewe, kama wiki tatu hivi. Mbweha akikaribia, mzazi anatoka anakimbia ameinama kama panya ili mbweha amfuate yeye aache kiota. Na mwaka ambao lemingi, wale panya wa huko, ni wachache, mbweha wanageukia mayai na vifaranga, hapo vinapona vichache sana.

Kifaranga akishaanguliwa haletewi chakula mdomoni, siku hiyohiyo anatoka anatafuta wadudu mwenyewe, akisikia baridi ndo anarudi chini ya mzazi apate joto. Na wazazi ndo wanatangulia kuondoka, watoto wanabaki wanakomaa mabawa, baadaye wanakuja Afrika wenyewe bila mtu wa kuwaonyesha njia. Hiyo nimeirudia kwa mama yako mara tatu, kwa sababu na wewe ulipanda basi peke yako na begi lile kubwa.

Leo asubuhi nimewaona watano pale unapopenda kukaa, wana alama ya V nyeupe mgongoni. Yule mwongozaji alisema wenye hiyo V ndo wamezaliwa mwaka huu.

Baba yako.