Tuulizeni kwanza dawa zipi zimekosekana

Mhariri,

Ukitaja biashara kwenye mazungumzo ya tiba kwa wasio na uwezo, watu huja juu: mnataka kuwatoza maskini! Mimi ni mtunza stoo ya dawa katika shirika moja la misaada, na biashara ninayoitaka iko kwenye rafu.

Mwenye duka anajua kipi kinatoka haraka, kipi kinadoda, na aagize lini kabla mzigo haujakata. Sisi tunapokea tunacholetewa. Nimewahi kufungua maboksi ya dawa za maji za watoto nikakuta zimebakiza miezi miwili tu kuisha muda wake, ilhali ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha) na vidonge vya zinki, ambavyo akina mama huviulizia kila asubuhi, havimo kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada ifike nchini ikiwa na angalau mwaka mmoja mbele yake. Mwenye duka angemrudishia dereva mzigo wake palepale. Sisi tunasaini, tunapigwa picha, kisha tunahangaika kutafuta hela za kuuteketeza (maana dawa mbovu haitupwi jalalani, na kuiteketeza ni gharama).

Anayedhani hesabu kali na huruma haviivi chungu kimoja aitazame Aravind, hospitali ya macho iliyoanzishwa na Dk. Govindappa Venkataswamy mjini Madurai, India, mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11. Mwenye nacho hulipa, asiye nacho hutibiwa bure. Kinachowezesha hilo ni mpangilio: daktari akimaliza jicho moja, mgonjwa anayefuata ameshaandaliwa kwenye meza ya pili, hivyo hakuna kusubiriana. Lenzi za kupandikiza zilipowashinda bei, mwaka 1992 walianzisha kiwanda chao wenyewe.

Kutoza mlangoni sikuungi mkono. Anayeondoka bila kutibiwa mara nyingi ndiye aliyezidiwa kuliko wote. Ombi langu kwa wafadhili ni dogo. Kabla ya kutuuliza tumehudumia wangapi, watuulize dawa muhimu zilikosekana siku ngapi mwezi uliopita. Jibu limo kwenye leja, na leja ninayo. Tena waturuhusu kukataa mzigo usiotufaa bila kufutwa kwenye bajeti ya mwaka ujao.

Mtunza stoo ya dawa