Mwandishi wa mji wa theluji ataje mwinuko, baridi na aliyemlipia

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie makala za safari, hasa za miji ya milimani yenye theluji, ambazo magazeti ya Kiswahili huzichapa zaidi kila inapokaribia Desemba. Tunazisoma kwa hamu. Ila nyingi zinaonekana kuandikwa na mtu aliyelala hotelini siku mbili, akapiga picha ya kilele, akasifu weupe wa theluji, akaondoka. Msomaji wa Ngamiani, hapa Tanga, ambaye mtoto wake amepata nafasi ya kusoma Innsbruck, Austria, au mwenye mkutano Geneva na siku tatu za mapumziko baada yake, akimaliza kusoma hajui avae nini, apande mpaka wapi, wala aogope nini. Sisi kazi yetu ni kuandika makala za aina hiyo na kuongoza wageni, na tunaamini msomaji anastahili zaidi.

Tuanze na mwinuko, maana ndio unaosahauliwa kuliko yote. Mji wa Zermatt, Uswisi, uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo ya Lushoto. Hapo mtu wa pwani hasumbuki. Shida ni gari la kebo, lile linaloning'inia kwenye waya, kwani kituo chake cha juu, kwenye kilele cha Klein Matterhorn, kiko karibu mita 3,820. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaelewa uzito wa namba hiyo. Kambi ya Horombo, njia ya Marangu, iko mita 3,720, na mgeni hulala kwanza Mandara, mita 2,720, ndipo aifikie. Zermatt mtu anakunywa chai kijijini na asubuhi hiyohiyo yuko juu kuliko Horombo, kisha anashangaa kichwa kinamgonga na pumzi zinakata kwa hatua kumi. Makala iseme wazi: siku ya kwanza baki kijijini, ya pili panda kwa treni ya meno hadi Gornergrat, mita 3,089, reli inayofanya kazi tangu 1898, na ya tatu ndiyo ya Klein Matterhorn. Kichwa kikiuma pamoja na kutapika au kuyumba, dawa yake ni kushuka mara moja. Aspen, Colorado, Marekani, ni habari nyingine, kwa kuwa mji wenyewe uko karibu mita 2,400, na wengi hukosa usingizi usiku wa kwanza hata kama hawajapanda popote.

Baridi nayo iandikwe kwa namba. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kijijini pakiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, kituo cha Klein Matterhorn ni kama nyuzi 20 chini ya sifuri, na hapo upepo haujahesabiwa. Upepo ukizidi, magari ya juu husimamishwa, kwa hiyo aliyejinunulia tiketi ya kilele aangalie taarifa ya asubuhi kabla ya kutoka. Ipo pia asubuhi tulivu isiyo na wingu ambapo baridi nzito hujikusanya bondeni, kijiji kikawa na baridi kuliko mteremko. Mwandishi asiyekaa zaidi ya siku mbili hawezi kulijua hilo.

Kuhusu mavazi, sentensi ya "beba nguo nzito" haimsaidii mtu. Tabaka ni tatu: la ndani ni sufu nyembamba au nailoni inayobana mwili, la kati ni sweta la manyoya laini, la nje ni koti lisilopitisha maji wala upepo. Fulana ya pamba isivaliwe ndani kabisa. Pamba hunywa jasho na haikauki, na mtu akisimama dakika chache kwenye foleni ya lifti ya kupandia mlimani jasho lile humpoza mpaka atetemeke. Koti zuri si lazima linunuliwe Ulaya, maana makoti ya skii, mchezo wa kuteleza thelujini kwa mbao mbili ndefu, hufika kwenye mitumba na bei yake ni nafuu kwa kuwa pwani hayana wateja. Ligeuze ndani nje. Ukiona utepe uliobandikwa juu ya mishono umeanza kubanduka, au rangi ya ndani inapukutika kama unga, liache, kinga ya maji imekufa. Kisha mwagia bega kikombe cha maji usubiri: yakibaki matone, chukua, yakizama kitambaani, litahitaji dawa ya kuzuia maji kabla ya safari.

Hapa tungependa pia kusema jambo linalowahusu wasomaji wetu moja kwa moja. Maelekezo mengi ya kuganda kwa vidole yanasema ngozi hugeuka nyeupe au nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani upesi, basi kigezo kiwe ganzi. Kidole au ncha ya sikio ikiacha kuuma na kufa ganzi, ingia ndani. Kidole usikisugue wala usikipake theluji; kiweke kwapani. Na ngozi nyeusi haizuii jua la mlimani. Mionzi inayochoma huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni. Macho yasiyo na miwani huanza kuwasha na kuuma saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshalala, akadhani mchanga umemwingia.

Viatu vya skii na vifungio vinavyovishika kwenye skii ndivyo vinavyowapeleka wageni hospitali, na bado hatujaona makala ya Kiswahili inayovieleza. Namba ya kiatu cha skii ni urefu wa wayo kwa sentimita, hivyo anayevaa 42 atapewa kama 26.5 au 27. Avae soksi moja tu, ndefu na nyembamba. Wengi huvaa mbili kwa kuogopa baridi, na hapo ndipo miguu inapoganda, kwani ya pili hujikunja, hubana, na damu haishuki vidoleni. Kiatu kikishafungwa na mtu akiwa amesimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Akikunja magoti, virudi nyuma vipate nafasi. Kisigino kisinyanyuke. Kiatu kinacholegea dukani kwa raha ya mguu kitamshinda mtu mlimani, kwa sababu mguu utageuka na skii itabaki ilipo.

Halafu fundi wa duka la kukodisha atauliza uzito, urefu, umri na uzoefu, na atapima soli ya kiatu. Majibu hayo ndiyo yanayoamua ugumu wa springi ya kifungio, yaani nguvu itakayofanya kiatu kichomoke mtu anapoanguka. Anayejisifu kuwa mzoefu huwekewa springi ngumu. Siku ya kwanza ataanguka polepole, kama wanavyoanguka wanafunzi wote, skii haitachomoka, na kitakachosokoteka ni goti. Anayepunguza uzito wake kwa aibu hupata kinyume chake, skii humtoka katikati ya kona. Kwa hiyo makala imwambie msomaji ataje kilo zake sawasawa na aseme mimi ni mwanafunzi. Akianguka aiachie fimbo ya skii ya mkononi, maana kuishikilia ndiko kunakokata kano ya dole gumba.

Rangi za njia za kuteleza nazo zinapoteza watu. Uswisi njia ya mwanzo ni bluu, ya kati nyekundu, ngumu ni nyeusi. Ufaransa huweka kijani chini ya bluu. Marekani duara la kijani ni la mwanzo, mraba wa bluu ni wa kati na almasi nyeusi ni ngumu. Mwandishi aliyetoka Aspen akaandika "bluu ni ya kati" anampeleka msomaji wa Zermatt kwenye dhana isiyo yake, na aliyetoka Zermatt akaandika "bluu ni rahisi" anamhatarisha anayekwenda Aspen. Ataje nchi kila anapotaja rangi. Kote kuna kanuni moja ya barabara: aliye chini yako ana haki, wewe uliye juu ndiye unayemkwepa.

Poromoko la theluji lisitajwe kama mapambo ya habari. Ulaya hatari yake hupangwa kwa madaraja 5, na msomaji huona 3 akadhani ni katikati, hakuna neno. Daraja la 3 ndilo linaloua watu wengi, kwa sababu kwenye 4 na 5 wengi hawatoki nje ya njia zilizowekwa alama. Theluji iliyosukumwa na upepo hukaa kama bamba juu ya tabaka dhaifu. Mteremko wa nyuzi 30 au zaidi ukipata uzito wa mtu mmoja, tabaka la chini huvunjika na bamba zima huteleza. Anayetoka nje ya njia abebe kifaa cha redio cha kutafutia aliyefukiwa chenye masafa ya 457 kHz, fimbo ndefu ya kuchoma thelujini na sepetu, na mwenzake awe navyo vilevile, kwani aliyefukiwa huokolewa na walio karibu ndani ya dakika 10 hadi 15, baada ya hapo nafasi yake hushuka haraka sana. Kukaa kijijini pekee hakutoshi kuwa salama. Tarehe 23 Februari 1999 poromoko liliingia hadi ndani ya kijiji cha Galtür, Austria, likaua watu 31.

Vifaa vya mwandishi tuvipitie kwa haraka. Kalamu ya wino hugoma, penseli haigomi. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, hivyo ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Kamera ikirudi chumbani kutoka barafuni hutoa maji ndani ya lenzi. Ifungwe kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, isifunguliwe hadi ipate joto. Theluji ikitoka kijivu pichani, ongeza mwanga kwa hatua moja hadi mbili.

Kwa wasomaji Waislamu, ambao Tanga ni wengi, kuna mambo mawili yasiyoandikwa. Fondue ya Uswisi, ile sufuria ya jibini, kwa kawaida hupikwa na divai nyeupe, na mhudumu hataitaja asipoulizwa. Rösti ni viazi, lakini mara nyingi huja na nyama ya nguruwe. La pili ni swala. Mchana wa Desemba katika milima ya Alps hauzidi urefu wa saa tisa: jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na vilele hulificha mapema zaidi. Adhuhuri na Alasiri zinakaribiana, na aliye juu kwenye lifti ajipange.

Sasa maisha ya mwandishi mwenyewe. Mji wa skii una miji miwili ndani yake. Aspen ilianza na machimbo ya fedha, ikaporomoka bei ya fedha ilipoanguka mwaka 1893, ikainuka tena kwa skii baada ya lifti yake kubwa kufunguliwa mwaka 1947. Leo nyumba ni ghali kiasi kwamba wengi wanaotandika vitanda na kuosha vyombo hulala Basalt, Carbondale au Glenwood Springs, hupanda basi alfajiri kwa Barabara ya 82. Mwandishi akapange chumba huko bondeni, apande basi lile. Zermatt magari ya petroli hayaruhusiwi, wageni huacha magari Täsch na kumalizia kwa treni, lakini anayetazama nani anashuka na treni ya kwanza asubuhi atajifunza zaidi ya anayepiga picha za teksi za umeme. Na kama bodi ya utalii au hoteli imemlipia nauli na malazi, aandike hivyo mwanzoni mwa makala, isiwe kwa herufi ndogo mwishoni. Bei yoyote iwe na tarehe, maana tiketi za lifti hupanda na kushuka kwa siku, na inayonunuliwa mapema mtandaoni huwa nafuu kuliko ya dirishani.

Tunasema haya tukijua uchungu wake. Tanga huandikwa kila mwaka kuwa ni mji uliolala, na wanaoandika hivyo ni watu waliokaa saa mbili tu wakielekea Pangani, bila kufika mapango ya Amboni wala magofu ya Tongoni. Yale tunayolalamikia tusiwafanyie wengine.

Ombi letu la mwisho ni la ratiba. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima isipungue yuro 30,000, na msomaji aulize kama bima hiyo inalipia ajali ya skii na helikopta ya uokoaji, kwani nyingi hazilipii. Kwa mtu wa Tanga kuna pia safari ya Dar es Salaam ya kutoa alama za vidole. Makala ya theluji inayotoka wiki ya Krismasi humfikia msomaji akiwa ameshachelewa. Ya safari ya Februari, Mhariri, ichape Septemba.

Wako,
Waandishi wa makala za safari,
Raskazone, Tanga