Ununue Dola Leo ama Ungoje? Tunachowaambia Wasafiri Wetu wa Kisumu

Mteja akishasoma bei ya dola kwenye ubao wa duka letu la kubadilisha fedha, husogea karibu na kioo, akainama kidogo na kuuliza kwa sauti ya chini: "Sasa dada, ninunue leo ama ningoje?"

Nimeulizwa hivyo na mwalimu anayempeleka mwanawe chuo Marekani, na mama wa soko la Kibuye anayekwenda Dubai kufunga mzigo, na vijana ambao ndio wa kwanza kupanda ndege katika ukoo wao. Wote wana hofu moja: wasije wakanunua leo, kesho bei ikashuka. Naielewa hofu hiyo. Pesa yenyewe mara nyingi ni ya mchango, imetoka kwa shangazi, kwa chama, kwa kanisa, na kila shilingi ina mwenyewe. Kwa hiyo nitajibu hapa kwa kirefu yale ambayo kwenye kaunta, foleni ikiwa nyuma yako, sipati nafasi ya kuyasema.

Nianze na mwaka wa 2023, maana ndio uliotufundisha. Januari mwaka huo bei rasmi ya Benki Kuu ilikuwa karibu shilingi 123 kwa dola. Mwalimu mmoja alikuja mapema, akauliza, akaona kwetu dola inauzwa 130, akasema ni ghali mno, atangoja ishuke. Alirudi Aprili, akangoja. Akarudi Juni, akangoja. Agosti mwanawe alikuwa na tiketi mkononi na dola ilikuwa 146. Alihitaji dola 3,000. Zilizokuwa za shilingi 390,000 alizilipia 438,000. Desemba bei rasmi ilifika karibu 156, na wakati huo kila aliyengoja alikuwa anajilaumu.

Basi watu wakajifunza kukimbilia kununua. Hapo ndipo Januari 2024 ilipowakuta. Dola ilikuwa imepita 160, na mitaani maneno yalikuwa kwamba itafika 200. Sababu ya hofu ilijulikana: Kenya ilikuwa na deni la Yurobondi (mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje) la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni, na wengi waliogopa kwamba serikali haitaweza. Mwishoni mwa mwezi huo alikuja mama aliyekuwa akimpeleka mumewe India kutibiwa. Tarehe ya hospitali ilikuwa Aprili. Alitaka dola 4,000 zote siku hiyo hiyo, kwa 162. Niliyemhudumia ni mimi. Nilizihesabu mara mbili, nikamwandikia risiti ya shilingi 648,000, akazifunga kwenye leso, akaweka ndani ya mkoba.

Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 na kulipa sehemu kubwa ya deni lile kabla ya muda wake. Mwezi huo huo wageni wakaleta fedha kununua hatifungani ya miundombinu, yaani kuikopesha serikali kwa shilingi, iliyokuwa ikilipa riba ya zaidi ya asilimia 18. Hofu ikaisha, na waliokuwa wamekalia dola wakaanza kuziuza. Mwisho wa Machi bei rasmi ilikuwa karibu 132. Dola zile zile 4,000, kwa bei yetu ya 133, zingemgharimu yule mama shilingi 532,000. Tofauti ni 116,000, na hizo ni fedha za mgonjwa. Sikuwa na namna ya kulijua hilo siku ile, wala yeye. Lakini nilikuwa na namna ya kumwambia anunue nusu, na sikumwambia.

Tangu hapo namwambia kila mtu. Ukishapata viza na tarehe ya safari, nunua nusu. Nusu nyingine inunue wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka. Kama ni fedha nyingi, za karo au matibabu, zigawe mara tatu au nne. Hutapata bei nzuri kuliko zote, lakini pia fedha zako zote hazitakutwa na siku mbaya kuliko zote. Yule mwalimu angegawa, asingelipa yote kwa 146. Yule mama angegawa, zaidi ya shilingi 50,000 zingebaki mkononi mwake.

Angalia nimesema ukishapata viza. Hapa nina msimamo mkali kidogo, na wateja wengine hawaupendi kwa sababu mimi ndiye muuzaji. Usinunue dola za matumizi ya safari kabla ya pasipoti kurudi na viza ndani. Kila ubao wa bei una safu mbili: bei tunayonunulia dola na bei tunayouzia. Tuseme tunauza kwa 130.50 na kununua kwa 127.50. Ukinunua dola 2,000 leo, viza ikakataliwa, ukaturudishia kesho kutwa, umepoteza shilingi 6,000 ingawa bei haikusogea hata senti. Nimewaona vijana wakirudi hivyo, na noti bado ziko ndani ya bahasha yetu, na ni siku mbaya kwao hata kabla ya hesabu. Anayeweza kununua mapema bila hatari hiyo ni yule ambaye fedha zitakwenda nje hata asiposafiri yeye, kama mzazi ambaye mtoto wake tayari yuko chuoni na karo ya muhula ujao inajulikana.

Na usije siku ya mwisho. Hili naliona linawaumiza watu wa kwetu kuliko kupanda na kushuka kwa bei. Kisumu si Nairobi. Dola, pauni na yuro tunazo karibu kila siku, lakini dola za Kanada, randi za Afrika Kusini au faranga za Rwanda huenda tukaziagiza, na huchukua siku kadhaa. Mtu anafika Ijumaa saa kumi jioni, ndege yake ya kwenda Nairobi ni Jumamosi asubuhi, anataka dola za Kanada 1,500. Tulizonazo ni 240. Kinachobaki ni kununua uwanja wa ndege, ambako bei kwa kawaida ni mbaya kuliko mjini, au kununua dola za Marekani hapa na kuzibadilisha tena huko, akakatwa mara mbili. Jumamosi yenyewe si siku nzuri hata ukitupata na noti. Soko la benki limefungwa hadi Jumatatu, na muuzaji yeyote hupanua kidogo pengo kati ya kununua na kuuza ili asiumie bei ikibadilika. Njoo Jumanne, Jumatano, asubuhi.

Sasa kuna jambo ambalo limewachanganya wengi tangu dola itulie. Kuanzia katikati ya 2024 dola ilikaa kwa muda mrefu karibu na 129, na watu wakaona fedha za kigeni zote zimetulia. Waliokuwa wakienda Uingereza wakalala. Katikati ya Januari 2025 pauni ilikuwa karibu shilingi 158. Mwanzoni mwa Julai ilikuwa karibu 177. Shilingi yetu haikuwa imeanguka, bali dola yenyewe ilikuwa imedhoofika mbele ya pauni na yuro, na shilingi yetu ilikuwa ikienda pamoja na dola. Mwanafunzi anayehitaji pauni 2,000 aliongezewa shilingi 38,000 na jambo ambalo halikuonekana kwenye habari zetu. Kama safari yako ni ya London au Ujerumani, fuatilia bei ya fedha utakayotumia, uache kuangalia dola peke yake.

Kwa Dubai na Saudia mambo ni kinyume. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja, na riyali ya Saudia ni 3.75 tangu 1986. Mama wa Kibuye akinunua dola hapa, anajua atakachopata kule karibu kwa senti. Kwake yeye swali ni shilingi na dola tu, na hana haja ya kuhangaika kutafuta dirhamu Kisumu. Vivyo hivyo kwa mahujaji, ingawa riyali chache za teksi na maji mkononi ukitua ni amani ya roho.

Wanaokwenda India msitafute rupia huku. Kuingia nazo nchini humo kuna mipaka. Bebeni dola, na mkumbuke kwamba anayeingia na zaidi ya dola 5,000 za noti lazima azitangaze forodhani. Kwa Marekani ni zaidi ya dola 10,000, na nchi za Umoja wa Ulaya ni kuanzia yuro 10,000. Kutangaza si kulipa ushuru. Ni kujaza fomu. Kuficha ndiko kunakoleta taabu, hata kama fedha ni halali kabisa.

Kuhusu noti zenyewe, tafadhali zikague hapa hapa kaunta, usione haya, hata foleni ikiguna. Katika nchi nyingi za Afrika dola za zamani zenye picha ndogo ya kichwa hukataliwa au hununuliwa kwa bei ya chini, ingawa Marekani yenyewe inazitambua zote. Noti iliyochanika pembeni, iliyoandikwa kwa kalamu au iliyopigwa muhuri huleta maneno hayo hayo. Omba noti za 100 safi kwa fedha unazokwenda kubadilisha, kwa sababu noti ndogo mara nyingi hununuliwa kwa bei ya chini. Noti chache za 5 na 10 weka mfukoni kwa matumizi ya njiani.

Safari za karibu zina sheria zake. Kwa anayekwenda Kampala, nasema ukweli hata kama unatunyima biashara: badilisha sehemu kubwa mpakani Busia, kwa benki au duka lenye leseni, maana huko shilingi za Uganda zimejaa na ushindani ni mkali. Mwaka 2025 shilingi yetu moja ilitoa karibu 28 zao. Tatizo la Busia ni wingi wa sifuri kwenye noti. Mtu aliyezoea noti ya 1,000 kuwa ndiyo kubwa kuliko zote anapewa noti za 50,000 na za 5,000 zikiwa zimechanganywa, matatu inapiga honi, naye anahesabu idadi ya noti badala ya thamani. Fanya hesabu yako kwenye simu kabla hujatoa pesa, na usihesabiwe na mtu aliyesimama barabarani. Wa Mwanza kupitia Isebania, nunueni shilingi za Tanzania. Tangu Machi 2025 kanuni za huko zinakataza bidhaa na huduma za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dola yako haitakulipia hoteli.

Usibebe kila kitu kwa noti. Kadi ya benki italipia hoteli na maduka makubwa, na kadi ya M-Pesa ya mtandaoni italipia unavyonunua mtandaoni. Mashine ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi za Kenya au kwa fedha ya nchi uliyomo, chagua ya nchi uliyomo. Ile ya shilingi inavutia kwa sababu unaielewa, lakini huja na bei waliyoipanga wao.

Mwisho ni zile fedha mnazotunza nyumbani. Mwaka jana alikuja mzee kutoka Vihiga na bahasha ya hudhurungi, ndani yake pauni 640 za karatasi, noti za 20, alizoachiwa na kaka yake aliyefanya kazi Uingereza. Zilikuwa zimenyooka kabisa, zimekaa ndani ya Biblia kwa miaka. Alikuwa akizitunza zipande bei.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hizi za karatasi ziliacha kutumika madukani tangu Septemba 30, 2022. Sasa wanatumia za plastiki."

Akanyamaza. Akageuza noti moja, akaitazama nyuma na mbele. "Kwa hiyo zimekufa, binti yangu?"

Hazijakufa. Benki Kuu ya Uingereza bado inazibadilisha, ila sisi hapa hatuwezi kuzipokea. Nikamwandikia maelezo kwenye karatasi, akampa mpwa wake aliyekuwa anasafiri kwenda London mwezi uliofuata. Kama una noti za namna hiyo kwenye sanduku, usingoje bei. Zilete tuzitazame pamoja, hatutozi chochote kwa kutazama.

Ukija kununua, leta kitambulisho au pasipoti, na utupigie simu siku tatu nne kabla kama unataka zaidi ya dola 2,000 au fedha yoyote isiyo dola, pauni au yuro. Leseni yetu ya Benki Kuu imetundikwa ukutani, upande wa kushoto ukiingia. Isome kwanza, na ufanye hivyo katika kila duka la fedha utakaloingia.