Majibu ya kingamwili za tezi ya thairoidi yasisomwe peke yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalowatia wagonjwa hofu bure na wakati mwingine kuwaponza: namna majibu ya kingamwili za tezi ya thairoidi yanavyosomwa.

Mtu anakabidhiwa karatasi yenye anti-TPO (kingamwili zinazolenga kimeng'enya cha tezi) 300, kikomo cha juu cha maabara kikiwa 34, anaambiwa tezi imeharibika na aanze vidonge. Utendaji wa tezi huonyeshwa na TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi na ambayo hupanda tezi ikizembea, pamoja na T4 huru, homoni ya tezi yenyewe. Anti-TPO inaeleza chanzo tu, kwamba kinga ya mwili imeigeukia tezi. Takriban mtu 1 kati ya 10 wasio na ugonjwa wa tezi hukutwa nazo, hasa wanawake. TSH ikiwa sawa, na hana mimba, hana haja ya dawa. Apime TSH kila mwaka, maana hatari ipo. Katika ufuatiliaji wa miaka 20 huko Whickham, Uingereza, wanawake wenye kingamwili pekee walipata upungufu wa homoni kwa kiwango cha kama 2 kati ya 100 kila mwaka. Waliokuwa pia na TSH iliyopanda walifikia kama 4.

Kurudia anti-TPO kila miezi michache ili kuona kama imeshuka ni kupoteza fedha. Dozi ya levothairoksini, vidonge vya kufidia homoni ya tezi, hupangwa kwa TSH, ipimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kubadili dozi.

Kwa aliyekonda, moyo unamwenda mbio na TSH imezama, kipimo cha kuomba ni TRAb, yaani kingamwili za kipokezi cha TSH. Zaidi ya 9 kati ya 10 wenye ugonjwa wa Graves, ambao kinga ya mwili huichochea tezi itoe homoni kupita kiasi, wanazo. Anti-TPO haisaidii kutenganisha hapa, kwani wengi wa wagonjwa hao wanayo pia. Aliye na tezi iliyopata uvimbe wa uchochezi (thairoiditi) unaovujisha homoni zilizokwisha tengenezwa kwa kawaida hana TRAb, na dawa za kuzuia utengenezaji wa homoni hazimfai.

Linalotuuma zaidi ni la wajawazito. Mama aliyetibiwa Graves kwa upasuaji au iodini ya mionzi, TSH yake nzuri kwa vidonge, huandikwa kliniki kuwa ana upungufu wa homoni, basi. Kumbe TRAb zinaweza kubaki damuni kwa miaka, zikavuka kondo la nyuma na kuichochea tezi ya mtoto tumboni. Apimwe mapema katika mimba. Zikiwa juu, arudie wiki ya 18 hadi 22, na tena wiki ya 30 hadi 34. Zikizidi kikomo mara 3, mtoto afuatiliwe kwa ultrasaundi: mapigo ya moyo, ukuaji na goita. Daktari wa watoto apewe taarifa kabla ya kujifungua.

Halafu kuna bayotini, ile vitamini ya nywele na kucha. Baadhi ya mashine za maabara hutegemea bayotini iliyomo kwenye vitendanishi (kemikali za kupimia) vyake, kwa hiyo ile ya mgonjwa huvuruga hesabu. Anayemeza miligramu 10 kwa siku anaweza kutoka na TSH ya chini, T4 ya juu na TRAb chanya, picha kamili ya Graves, ilhali tezi yake ni nzima. Aiache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na swali hilo liwemo kwenye fomu ya maabara, liulizwe kabla ya sindano.

Wataalamu wa homoni na maabara