Kabla hamjafunga uwanja, fungueni begi la jezi

Mhariri,

Juzi mlichapisha barua ya mzazi mmoja wa Kisauni, ataka mechi zote za watoto zisimamishwe likizo hii ya Disemba kwa sababu ya mpox, huu ugonjwa wa virusi unaotoa vipele. Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya kistuli uani nafua jezi, manake hiyo ndo kazi yangu kila wiki, nawafulia timu ya watoto hapa Likoni, mwanangu yuwacheza namba tatu. Huyo mzazi simlaumu, hofu yake hata mimi ninayo. Ila yeye aangalia uwanja na mimi naangalia begi.

Sasa niwaambie kuhusu hilo begi. Jezi 18, seti moja tu. Jumamosi saa nane wavaa wakubwa, wakizivua zina jasho la kukamua, saa kumi wavaa wadogo hizo hizo, zikiwa bado mbichi, alafu zasokomezwa ndani ya begi la nailoni zafungwa zip mpaka Jumatatu jioni ndo zaletwa kwangu, na harufu yake muachieni mwenyewe. Na mpox twaambiwa waambukiza vipi? Kwa ngozi kugusana na ngozi, kwa vidonda na majimaji ya vipele, na pia kwa nguo na shuka alizotumia mgonjwa. Mtoto akigongana bega na mwenzake kwenye kona ni mara moja kashaondoka, lakini akivaa jezi ya mwenzake yenye jasho saa nzima? Mimi si daktari ila hiyo ya pili ndo yaninyima usingizi.

Na hapo sijasema usafiri. Tukienda kucheza Changamwe twavuka feri vizuri, kuna upepo, alafu ng'ambo kochi akodi matatu moja ya watu 14 waingia watoto 22, wapakatana, wengine vifua wazi kwa hili joto letu. Kuna tonamenti walienda siku tatu wakalazwa darasani, magodoro sita kwa watoto 17, wallahi wanangu walirudi wote wakijikuna, ilikuwa upele wa kawaida tu lakini kama upele ulizunguka hivyo, kingine kingeshindwa? Mpira wenyewe ni saa moja na nusu, nje, juani. Tunaogopa ile saa moja na nusu na zile siku tatu hatuziulizi.

Alafu ugonjwa si mmoja, jamani. Ukambi hata mgonjwa akishatoka chumbani hewa yabaki na virusi mpaka masaa mawili, hapo jezi si hoja, hoja ni chanjo na chumba. Kipindupindu mwenyewe yuko kwenye maji, basi angalieni ile galoni ya lita tano inayozunguka uwanja mzima na hakuna ajuaye yamechotwa wapi. Kila ugonjwa una mlango wake, nyinyi kila mara mwafunga mlango ule ule wa uwanjani.

Tulifunga 2020 wakati wa korona, mwakumbuka. Shule zikafungwa Machi, tarehe 8 Aprili mji ukafungwa hakuna kuingia hakuna kutoka, Mei ikawa zamu ya Mji wa Kale, na darasani watoto hawakurudi wote mpaka Januari 2021. Sisemi ilikuwa makosa, wakati ule hakuna aliyejua tunapambana na nini na watu walikuwa wafa. Lakini mwanangu mkubwa alikuwa na miaka 15, chumba kimoja watu sita, mwadhani alikaa ndani? Walihamia maskani, watoto wale wale, wamebanana vile vile, ila bila kochi wa kuwafukuza magharibi ikiingia. Mmoja wao alikuwa na mguu wa kushoto ambao sijauona tena Likoni hii. Siku hizi namuona pale ferini macho mekundu, akiniona atazama chini. Hiyo nayo ni hasara lakini kwenye hesabu za magonjwa haiandikwi.

Kitu kinachonitisha zaidi ya yote ni kuficha. Mwaka huu mtoto mmoja alicheza nusu fainali amefunga bandeji mkono mzima, kumbe ana vipele. Kochi alikuwa amesema atakayekosa mazoezi nambari yake apewa mwingine. Mama yake nilimuuliza, akanambia, "Dada, ningesema wangemtoa, na wajua vile alivyoingoja ile jezi." Ikaja kuwa tetekuwanga, Mungu alitusitiri, lakini ashaanza kuitwa nyani na wenzake, mpaka leo. Na ndo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) lilibadilisha jina la mpox 2022, lile la zamani, monkeypox, yaani ndui ya nyani, lilikuwa la kutusi watu. Mgonjwa wa mpox hukaa wiki mbili hadi nne mpaka makoko yadondoke na ngozi mpya itoke, likizo yote hiyo imeenda. Mtoto gani atajitaja mwenyewe kama bei yake ni kupoteza nambari na kupata jina la mnyama? Makochi mtangaze mbele ya watoto na wazazi, atakayesema yuaumwa nambari yake yamngoja.

Kisa cha kwanza cha mpox Kenya kilionekana Taveta mpakani mwisho wa Julai 2024, Mombasa nayo ikapata wagonjwa wake, na mji wa bandari wenye malori usiku kucha hatuwezi kujifanya tuko kisiwa (kisiwa tuko, lakini mwanielewa). WHO iliondoa ile dharura ya dunia Septemba 2025 na watu wakadhani umekwisha. Haujaisha. Kwa hivyo mzazi wa Kisauni, kama nyumbani una mtoto mchanga au mtu kinga yake ni hafifu, mtoe wako likizo hii, na asikucheke mtu. Na mchezaji wetu yeyote akithibitishwa mimi mwenyewe nitalifungia begi stoo siku 21, kochi apende asipende, manake dalili zaweza kuchukua muda huo kutokea.

Na waheshimiwa wanaotuletea kombe na mpira mmoja kila Disemba, mwaka huu tuleteeni seti ya pili ya jezi na sabuni ya unga. Wekeni na picha zenu kifuani mkitaka, tutavaa. Maji ya kufulia nanunua kwa mkokoteni mtungi mtungi na hamna hata mmoja aliyewahi kuniuliza.

Jumamosi hii wadogo watacheza na fulana zao za nyumbani, kila mtu na yake, rangi mchanganyiko kama kitenge. Refa kanuna, amekubali.

Mama wa namba tatu,
Likoni, Mombasa